Kuchagua pa kustaafia ukiwa peke yako Uganda, kwa kipato kidogo

Nyumba yangu ya kustaafu niliijenga pale moyo ulipotaka: kwetu, kijiji cha wilaya ya Tororo, kilomita kumi na moja kutoka lami. Miaka 26 nilikuwa karani wa kupitisha mizigo mpakani Malaba, na kila mwaka nilipobakiza kitu nilinunua simenti, mwaka unaofuata mabati, unaofuata madirisha. Nilipoacha kazi nyumba ilikuwa imesimama, vyumba vitatu na baraza inayotazama mihogo. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Watoto wawili wako mbali, kila mmoja na mzigo wake.

Mwezi wa tano wa kukaa pale, usiku wa mvua, niliteleza bafuni. Nyonga haikuvunjika, lakini sikuweza kuinuka, na simu ilikuwa kitandani. Nililala kwenye sakafu ile ya simenti tangu saa nane usiku mpaka saa nne asubuhi, nikisikia kuku wakitoka na watu wakipita njiani kwenda mashambani. Niliita hadi sauti ikakauka. Aliyenikuta ni mtoto wa darasa la nne aliyetumwa kuazima ungo. Boda ilishindwa kufika kwa sababu ya tope, hivyo wanaume wanne walinibeba kwenye kiti cha plastiki hadi barabarani.

Majirani zangu wana upendo, na wote walikuja hospitalini. Ila nyumba ilikuwa mbali na macho yao, nami sikuwa nimepanga lolote na mtu. Tangu siku ile kila mahali napapima kwa swali moja: asubuhi mlango wangu usipofunguliwa, nani ataona, na baada ya saa ngapi? Sasa ni mwaka wa nne napanga Jinja, vyumba viwili. Hatua zifuatazo nimeziweka kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo, bila mwenzi na bila pesa nyingi.

Hatua ya 1: Geuza akiba yako iwe pesa ya mwezi

Kabla ya kutaja mji wowote, jua utakuwa na shilingi ngapi kila mwezi. Mtumishi wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60, anapewa kiinua mgongo na baada ya hapo pensheni ya kila mwezi. Aliyefanya kazi kwenye kampuni ana NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: asilimia 5 ilikatwa kwenye mshahara wake, mwajiri akaongeza 10, na anaweza kuchukua zote akifika 55, au akifika 50 kama amekaa mwaka mzima bila kazi. Pesa ya NSSF huja kwa mkupuo, na mkupuo ndio unaotuponza. Mtu ambaye hajawahi kuona milioni tano pamoja anaona milioni 40 kwenye akaunti, na kabla ya mwezi kwisha kila ndugu ana jambo la dharura. Mimi sikuibiwa na mtu. Nilizigawa mwenyewe, na zilizobaki nikazitia kwenye kuta.

Piga hesabu hii. Benki Kuu ya Uganda huuza hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, na mtu wa kawaida anaweza kuanza na shilingi 100,000 kupitia benki yake. Riba hulipwa kila miezi sita. Hati za miaka 10 na kuendelea hukatwa kodi ya zuio asilimia 10 kwenye riba, zile fupi hukatwa 20. Tuseme una milioni 40, na riba ya mwaka ni asilimia 15. Hiyo ni milioni 6. Toa kodi 600,000, inabaki milioni 5 na laki 4, yaani 450,000 kwa mwezi. Usile zote. Mtaji wa milioni 40 hautaongezeka, lakini bei ya sukari na dawa itaongezeka, kwa hiyo rudisha walau sehemu moja ya tano. Unabaki na 360,000 ya kuishi.

Ukipenda, pesa ya NSSF unaweza kuiacha hukohuko iendelee kupata riba inayotangazwa kila mwaka. Riba hiyo hubadilika: mwaka wa fedha 2022/23 ilikuwa asilimia 10, uliofuata ikawa 11.5. Usifunge zote kwenye hati ya miaka 15 kama una miaka 62 na goti linaanza kusumbua. Hati unaweza kuiuza kabla ya wakati kupitia benki, ila bei ya siku hiyo inaweza kukuumiza. Acha gharama za miezi sita karibu na mkono.

Ruzuku ya wazee ya serikali, ile ya SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi na imekuwa ikilipwa kwa waliofikisha miaka 80. Ni msaada mzuri kwa bibi wa kijijini, lakini usiiweke kwenye hesabu ukiwa na miaka 60.

Sasa una namba moja. Pango lisizidi theluthi yake. Kwa 360,000 hiyo ni 120,000, na hapohapo utaona kwamba baadhi ya mitaa imejiondoa yenyewe.

Hatua ya 2: Andika mwili wako unahitaji nini

Chukua karatasi uandike magonjwa uliyonayo na yaliyowaua wazazi wako. Presha, sukari, macho, figo, mgongo. Karatasi hiyo ichague mji pamoja nawe.

Uganda haina bima ya afya ya taifa. Muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukuwa sheria. Huduma katika hospitali za serikali haina malipo tangu 2001, ila wodi za kulipia zipo, na mara nyingi dawa huwa zimekwisha ukatumwa kununua nje. Kwa hiyo hesabu dawa zako kwa bei ya duka la dawa. Bima ya kampuni binafsi uliza ungali kazini, maana wengi wao wana umri ambao baada yake hawapokei mtu mpya.

Jifunze ngazi za vituo. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu kinaongozwa na ofisa tabibu, na kwa presha ya kawaida kinatosha. Ngazi ya nne kinatakiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji. Juu yake kuna hospitali za wilaya, kisha hospitali za rufaa za mikoa: Jinja, Mbale, Soroti, Masaka, Mbarara, Fort Portal, Kabale, Hoima, Lira, Gulu, Arua na nyinginezo. Taasisi ya Saratani na Taasisi ya Moyo ziko Mulago, Kampala. Mwenye ugonjwa wa moyo anayekwenda kukaa Kabale ajue kwamba kila miadi ni safari ya zaidi ya kilomita 400 kwenda tu.

Kipimo changu ni nusu saa: kutoka kitandani hadi mahali penye daktari, usiku, mvua ikinyesha, kwa chombo kinachopatikana kweli. Ambulensi usiihesabu. Hesabu boda, au gari la jirani ambaye umeshamuuliza kama atakubali kuamshwa.

Hatua ya 3: Weka miji mitatu mezani

Mitatu inatosha. Nitataja niliyoitembelea au kuishi, na nitasema ninavyoiona.

Jinja ndiyo niliyoichagua, kwa hiyo nitaieleza kuliko mingine. Iko kilomita 80 hivi kutoka Kampala, ardhi yake ni tambarare kuliko miji mingi ya Uganda, na kwa magoti ya mzee jambo hilo lina thamani kuliko mandhari ya Nile. Mji ulijengwa kwa ajili ya viwanda baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa 1954, na wafanyakazi walitoka kila upande wa nchi, hata Kenya na Kongo. Ndiyo maana mitaa kama Walukuba bado inasikika Kiswahili sokoni na kwenye steji za boda, na mgeni haulizwi sana ametoka ukoo gani. Hospitali ya rufaa iko mjini kabisa. Ubaya wake: mbu wa ziwa ni wengi, wezi wa madirishani wapo, na nyumba zilizo karibu na maji si za kuzikimbilia. Ziwa Viktoria lilipopanda mwaka 2020 maji yaliingia nyumba za ufukweni kuanzia Entebbe hadi huku.

Mbale nilikaribia kuichagua. Hewa yake ni nzuri, chakula cha mlima Elgon kinashuka kila asubuhi, ndizi, kabichi, maharage, na kahawa ya Bugisu inanukia mjini. Lakini Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika ikaua watu. Ukienda Mbale panga nyumba sehemu za juu, uliza wazee wa mtaa maji yalifika wapi mwaka ule, na watakuonyesha alama kwenye kuta. Kuelekea milimani, Bududa na Bulambuli, nasema hapana kwa mtu anayeishi peke yake. Bududa imeporomokewa 2010 na 2018, Bulambuli Novemba 2024. Kijana anaweza kukimbia usiku. Sisi hatuwezi.

Fort Portal iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna baridi tamu ya asubuhi, mashamba ya chai, hospitali ya rufaa ya Buhinga na ile ya Kikatoliki ya Virika. Imekuwa jiji mwaka 2020 na watalii wameongeza bei za vyumba katikati. Mwenye baridi yabisi ajipime kwanza. Kabale ni baridi zaidi na ni mteremko juu ya mteremko.

Mbarara ina hospitali ya rufaa inayofundisha madaktari wa chuo kikuu, kliniki ya macho ya Ruharo, na maziwa mazuri. Inakua haraka na pango linakua nayo. Masaka ni tulivu, kilomita 130 kutoka Kampala, ina hospitali ya rufaa na Kitovu ya misheni, ila utahitaji Luganda. Gulu ina Lacor, hospitali ya misheni iliyoanza 1959 ambayo watu huifuata kutoka mbali, lakini Desemba hadi Februari joto na vumbi huchosha kifua.

Kasese ni mji ambao Kiswahili kinakubeba mchana kutwa kwa sababu ya biashara ya Kongo na historia ya migodi ya Kilembe. Nilipenda watu wake. Mto Nyamwamba ndio ulionirudisha nyuma: umefurika 2013, 2014, na Mei 2020 ukaiharibu hata hospitali ya Kilembe. Bombo, kwenye barabara ya Gulu, ni mji mwingine wa Kiswahili na Kinubi, na Kampala iko karibu kwa mwenye miadi ya Mulago.

Kampala yenyewe sina ugomvi nayo. Ukiwa na matibabu ya kila wiki, kaa huko na upunguze mengine yote.

Neno moja juu ya lugha. Katiba ilirekebishwa 2005 ikakipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili, na mimi nimekula mkate kwa Kiswahili maisha yangu yote. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku akikuuliza maumivu yalianza lini, na jirani akipiga kelele kwamba kuna moto, wewe unatakiwa kuelewa mara moja. Ziko sehemu ambako Kiswahili bado kinawakumbusha wazee askari na nyakati mbaya, na ukianza nacho wanakunja uso. Chagua mji ambao unaijua lugha yake, au uko tayari kujifunza maneno 200 kabla ya kuhama.

Hatua ya 4: Jibu swali la kijijini bila kujidanganya

Kila mtu atakuambia rudi kwenu. Kijijini hakuna pango, mihogo ipo, kaburi la mume wako lipo. Hoja hizo ni za kweli, na kuna watu wanazeeka vizuri vijijini. Mimi ningemwambia arudi kama mambo matatu yapo pamoja: nyumba inaonekana kutoka mlango wa jirani, barabara inapitika na boda mwezi wa Aprili, na haki yake kwenye ardhi haina mashaka.

Hilo la tatu linatuuma sana sisi wanawake. Mjane anayejenga kwenye ardhi ya ukoo wa mume wake anaweza kuishi kwa amani hadi shemeji mkubwa afariki, kisha wapwa wakaanza kupima viwanja. Kabla ya kuweka tofali, waite wazee wa ukoo na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, mwandike mipaka, kila jirani wa mpakani atie sahihi. Kuna hati ya umiliki wa kimila inayotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1998. Ikitolewa kwenye wilaya yenu, iombe ikiwa na jina lako.

Kama yote hayo hayapo, nyumba ya kijijini iache iwe ya Krismasi na misiba. Ya kwangu nimempangishia mwalimu wa shule ya msingi kwa pesa kidogo, anaipalilia, na mabati hayajaibiwa.

Hatua ya 5: Nenda ukae miezi mitatu

Hatua hii wengi wanairuka na ndiyo inayookoa pesa nyingi. Panga chumba kimoja, uende na mizigo ya kawaida tu, na uhakikishe angalau mwezi mmoja ni wa mvua: Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba kwa kusini na mashariki. Mtaa mzuri wa Januari unaweza kuwa dimbwi Aprili.

Siku ya pili Jinja nilifanya jaribio ambalo napenda kila mtu alifanye. Nilikwenda sokoni kwa miguu, nikanunua unga wa posho kilo tano, fungu la dodo (mchicha) na nyanya, nikarudi navyo bila boda. Nilihesabu mara ngapi nilisimama kupumzika. Mtaa wa kwanza nilisimama mara sita, na kulikuwa na mtaro wa kuruka usio na daraja. Mtaa wa pili nilisimama mara mbili, mara zote kwenye kivuli, na mara ya pili mwanamke mmoja akanisogezea kigoda. Nilikuwa na miaka 59 wakati ule. Ongeza miaka kumi kwenye hesabu yako.

Huyo mwenye kigoda ni mama wa chapati. Nilikaa, nikanywa chai yake, nikamuuliza, "Mama, hapa mgeni akiugua usiku anamwita nani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Jajja, unaanza na yule kijana wa boda wa mwembeni, namba yake iko ukutani pale. Halafu unanipigia mimi. Mwenyekiti unampigia asubuhi."

Jibu la haraka namna hiyo ndilo unalotafuta. Mtaa ambao watu wanatazamana kisha wanasema "inategemea" nimeuacha bila kuangalia chumba.

Katika miezi hiyo mitatu angalia pia haya. Kliniki ya presha ya kituo cha karibu ni siku gani, na foleni inaanza saa ngapi? Maji ya bomba yanakatika siku ngapi kwa wiki? Je, chumba kina mita yake ya yaka, yaani umeme wa kulipia kabla? Uniti 15 za kwanza kila mwezi huuzwa kwa bei nafuu ya shilingi 250 kila moja, na mtu mmoja mwenye taa, redio na simu anaweza kuishi karibu na hapo. Ukichangia mita na vyumba vinane, nafuu hiyo humezwa na wote. Lala pia usiku wa Ijumaa na Jumamosi usikilize kama kuna baa au spika za mahubiri zinazokesha.

Choo kiangalie kwa macho ya mtu wa miaka 75. Cha nje, chenye ngazi mbili na giza, kikatae hata pango likiwa rahisi.

Hatua ya 6: Panga nyumba kabla ya kununua

Ushauri wangu kwa mwenye milioni 40 au pungufu ni kupanga, na naujua uzito wa maneno hayo mbele ya watu waliofundishwa kwamba mtu mzima ni mwenye nyumba. Milioni 40 iliyo kwenye hati fungani inalipa pango kila mwezi, na ukiugua unahama. Milioni 40 iliyo kwenye kuta hailipi dawa.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inakulinda kiasi: pango lisiongezwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji asitolewe bila amri ya mahakama. Andikeni mkataba hata kama pango ni dogo, na kila malipo yapitie mobaili mani ili yabaki na kumbukumbu.

Ukiamua kununua, jua unanunua nini. Uganda ina aina nne za umiliki: mailo (umiliki wa kudumu wa Buganda), umiliki huru, lizi (kukodi kwa miaka maalumu) na ardhi ya kimila. Buganda, watu wengi huuziwa kibanja wakidhani wamenunua ardhi. Kibanja ni haki ya kukaa juu ya ardhi ya mwenye mailo, anayelipwa busuulu, ada ya ardhi, kila mwaka. Ukinunua bila ridhaa ya mwenye ardhi, umenunua kesi. Muone mwenye ardhi ana kwa ana, pata ridhaa yake kwa maandishi, dai risiti za busuulu za muuzaji. Kwa ardhi yenye hati, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya kanda wewe mwenyewe, usitegemee nakala ya dalali. Asiye raia, hata Mkenya au Mtanzania, anaruhusiwa lizi tu isiyozidi miaka 99.

Hatua ya 7: Karatasi

Kagua tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa. Ikitofautiana na ya NSSF au ya faili la kazi, irekebishe NIRA, mamlaka ya vitambulisho, ungali na nguvu ya kupanga foleni, maana kila malipo ya uzeeni yanaanzia hapo. Chukua barua ya utambulisho kwa LC1 wa unakotoka, umpelekee wa unakohamia. Andika wosia mbele ya mashahidi wawili ambao hawarithi chochote, utaje unataka kuzikwa wapi. Mtu wa peke yake asipoandika hilo, mwili wake hugombewa.

Hatua ya 8: Tengeneza watu watakaoona mlango wako

Karibu kila sehemu ya nchi ina chama cha kufaana. Buganda huitwa munno mukabi, rafiki wa wakati wa shida. Ankole na Kigezi kuna engozi, jina la machela ya kubebea wagonjwa kushuka milima, na vikundi hivyo bado vinachanga kwa ugonjwa na mazishi. Jiunge mwezi wa kwanza, na uhudhurie misiba ya wengine kabla hujahitaji. Ukifika kila mara mikono mitupu kwa sababu pesa haipo, nenda mapema ukaoshe vyombo. Watu wanakumbuka nani aliosha vyombo.

Msikiti au kanisa nao ni macho. Chagua mahali pa kukaa palepale kila wiki, ili pakiwa wazi paonekane.

Kisha fanya makubaliano na mtu mmoja, kwa maneno ya wazi. Mimi nilimwendea mama wa chapati. Nilimwambia naishi peke yangu, nilishawahi kulala sakafuni kwa muda wa saa nane, na sitaki tena. Tulipatana hivi: pazia langu la bluu la dirisha la mbele linafunguliwa kabla ya saa mbili asubuhi. Lisipofunguliwa, anapiga simu. Nisipopokea, anakuja. Ufunguo wa akiba uko kwake, umefungwa kwenye karatasi yenye jina la dawa zangu na namba za watoto. Simu yangu siku hizi inalala shingoni, kwenye mfuko mdogo niliousuka, hata nikienda bafuni. Mimi nami namwangalizia mtoto wake wa mwisho saa za jioni anapofunga kibanda, nimsaidie hesabu za shule.

Februari mwaka jana nilipatwa na malaria, nikapitiwa na usingizi wa homa. Simu iliita sikuisikia. Saa mbili na dakika kumi ufunguo ulizunguka mlangoni, akaingia mikono yote ina unga, kijana wa boda yuko nje injini inawaka. Tulikuwa kituoni kabla ya saa tatu. Niliporudi alitaka tubadilishe saa ya pazia, na sasa ni saa moja na nusu.